Kompyuta inasema mashine ya korona ni nzima, beringi ikiungua anaitwa fundi!

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Mimi ni fundi wa korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge yatoke singa (nyuzi), kwenye shamba moja huku Tanga. Uongozi umeleta programu ya kutabiri mashine itaharibika lini. Wazo lenyewe silipingi. Njia kama ARIMA, hesabu ya kitakwimu ya akina Box na Jenkins, inajulikana tangu 1970: unaipa mfululizo wa kumbukumbu za nyuma, inakadiria zinazofuata. Sasa kumbukumbu zipi?

Daftari la shifti lina neno moja tu, "imesimama". Masika trekta zimenasa kwenye tope, majani hayajafika: imesimama. Umeme umekatika: imesimama. Beringi ya ngoma imekwama: imesimama. Yote yamemwagwa kwenye Ekseli kama hitilafu, halafu bosi anatuuliza kwa nini mashine "inachoka" kila Aprili. Haichoki, imekosa majani! Na kumbukumbu zenyewe hazijafika hata miaka miwili. Msimu wa miezi 12 utaujulia wapi hapo?

Muda ndiyo usiseme. Nusu saa, saa moja, saa mbili. Hutakuta dakika 17 hata kwa dawa, maana msimamizi anajaza mwisho wa shifti huku mguu mmoja uko kwenye gari.

Kilichonitibua hasa ni hiki. Beringi za zamani zilikuwa imara, ofisi ya manunuzi ikaleta za bei chee. Programu haijaambiwa, inaendelea kutabiri kwa historia ya zile imara. Ikasema hatari ni ndogo, basi zamu ya kupiga grisi ikaahirishwa, eti tubane matumizi. Nikasikia mlio, nikagusa nyumba ya beringi, mkono haukai. Nikaripoti. Jibu: "Grafu haioneshi tatizo." Usiku huohuo ikaungua, majani yakalala nje, na majani yakikauka singa hazitoki safi. Barua ya kujieleza nimepewa mimi!

Tenganisheni sababu za kusimama. Hesabuni saa ambazo mashine imezunguka kweli, si siku za kalenda. Spea ikibadilishwa aina, iandikwe. Kipimajoto cha beringi nacho kinatushinda nini kununua?

Nyie mlioko viwanda vya saruji, tanuru likisimama mnaandika sababu kwa namba maalumu au nanyi ni "imesimama" tu? Mwenye fomu yao aitupie hapa, nataka niiambatanishe na majibu ya hiyo barua.