Mjadala: Kusomesha watoto nyumbani kupigwe marufuku, au watoto hao wasajiliwe?

Wazazi wenzangu, kila suala hili linapozuka tunarushiana maneno. Huyu anasema mtoto ni wa mzazi, yule anasema mahali pa mtoto ni shuleni, basi. Naomba tulijadili kwa utulivu, nami naanza.

Hapa Kenya, kifungu cha 30 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinamtaka mzazi ahakikishe mwanawe anahudhuria shule, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri. Anayekaidi bila sababu ya maana anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, kufungwa hadi mwaka 1, au vyote viwili. Nyumba haikutajwa. Kwa hiyo anayemsomesha mwanawe sebuleni anafanya hivyo kimyakimya, na kimya hicho ndicho kinachoniogopesha.

Nina jirani muuza mahamri. Mwanawe ana kigugumizi, na darasani walimcheka mpaka akaanza kukojoa kitandani. Mama akamtoa shule. Nimemkuta kijana huyo alfajiri akipima unga, nusu kilo, robo, nusu ya robo, huku akiandika hesabu kwenye daftari lililojaa alama za vidole vyeupe. Saa nne wanaketi mkekani asome kwa sauti. Akikwama, mama ananyamaza, anamngoja. Sasa anamaliza ukurasa mzima. Mama huyu nimshitaki kwa chifu? Siwezi, na sheria inayotaka afungwe ina kasoro.

Lakini mtaa huohuo kulikuwa na msichana wa miaka kama kumi na miwili. Mwenye nyumba alituambia ni mpwa wake, "anasomea hapahapa nyumbani." Asubuhi tulimwona akianika nepi, jioni akimbeba mtoto mgongoni. Siku moja alitumwa dukani kwangu na karatasi ya vitu vya kununua. Nikamwambia anisomee huku nikipima mchele. Aliitazama karatasi ile muda mrefu, kisha akaniwekea mkononi. Neno la kwanza lilikuwa "sukari". Tulipoanza kuuliza maswali, akahamishwa, na mpaka leo sijui yuko wapi.

Neno ni lile lile, "anasomea nyumbani", kwa watoto wote wawili. Marufuku inamwumiza wa kwanza, na wa pili haimfikii.

Ujerumani imekataza kabisa, na mwaka 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya haikuona kosa la serikali katika kesi ya familia moja iliyolalamika. Ufaransa, tangu 2022, mzazi anaomba kibali kwanza. Uingereza hoja ilipamba moto baada ya Sara Sharif, mtoto wa miaka 10, kutolewa shule mwaka 2023 na kuuawa nyumbani miezi michache baadaye. Baba yake na mama wa kambo walipatikana na hatia ya mauaji.

Msimamo wangu: masomo ya nyumbani yaruhusiwe wazi, lakini mtoto asajiliwe katika shule ya karibu, na mara mbili kwa mwaka mwalimu aketi naye, amsikie akisoma, azungumze naye bila mzazi kuwa kando. Mtaala mzazi achague mwenyewe, uwe wa serikali au wa Cambridge, ule wa Uingereza.

Najua mtakachosema: afisa atakuja kutaka "kitu kidogo". Hofu hiyo ni ya kweli, wala siipuuzi. Ndiyo maana nasema mwalimu wa shule jirani ambaye mtaa unamjua, na ripoti iandikwe nakala mbili, moja ibaki kwa mzazi.

Sasa nawauliza nyinyi mnaosomesha nyumbani: mwalimu huyo akibisha hodi, mtampisha akae na mtoto nusu saa? Na nyinyi mnaotaka marufuku, yule kijana wa mahamri mtamrudisha darasa gani?