Mtoto alipotea, ndugu wawili wakakutana polisi. Tuanzie wapi kuwapatanisha?

Shangazi_Nzuguni
Wakuu, shikamoo kwa wakubwa, wengine habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaoyajua mambo haya.

Mtoto wa mdogo wangu, wa kiume, miaka 7, alipotea Jumamosi soko la Job Ndugai. Mama yake aligeuka kulipa nyanya, mtoto akafuata mkondo wa watu hadi upande wa stendi. Mama lishe mmoja akamkuta analia, akamuuliza kwao wapi. Akajibu "kwa bibi, Hombolo", wala hakutaja Nzuguni anakoishi. Yule mama akauliza wachuuzi wa zabibu wa Hombolo, simu zikazunguka mpaka zikamfikia kaka yetu mkubwa. Mtoto akapelekwa polisi, na kaka akafika kabla ya baba mzazi.

Hawa wawili wana miaka 2 hawasalimiani. Baba yetu alipofariki, kaka aliteuliwa msimamizi wa mirathi. Shamba la zabibu la ekari 3 liko mikononi mwake, na mdogo anasema hajaona hata shilingi. Polisi hawakumkabidhi mtoto hadi baba yake afike na wahojiwe wote, kwa hiyo walikaa benchi moja karibu saa nzima, mtoto kalala katikati, kichwa kwa mmoja, miguu kwa mwingine. Waliagana kwa kushikana mikono.

Tangu siku hiyo mtoto anauliza lini ataenda kwa baba mkubwa. Mama yetu anataka kikao Jumapili hii, na mtoto awepo ili awalainishe mioyo. Tufanyeje tusiharibu?

Ustawi_Mstaafu
Pole dada, na tumshukuru Mungu kapatikana. Kabla ya kikao, malizeni ya mtoto.

Kama baba alifungua taarifa, ana namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa za polisi. Arudi nayo ahakikishe taarifa imefungwa, na apite Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mtoto amekaa saa kadhaa na watu asiowajua, kwa hiyo mama amtazame mwili taratibu, bila kumtisha. Akikuta jeraha, au mtoto akilalamika maumivu sehemu za siri, ni polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na hospitali siku hiyo hiyo, na nguo alizovaa zisifuliwe. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, msisubiri kujadiliana.

Kumuuliza, tumieni swali moja la wazi: "Hebu niambie ilivyokuwa." Kisha mnyamaze. Kosa la wengi ni kumuuliza jambo lile lile mara kumi, kila ndugu kwa zamu yake. Mtoto wa umri huo akiulizwa tena hudhani jibu la kwanza lilikuwa baya, anabadilisha, na baadaye hamjui la kweli ni lipi. Akikojoa kitandani au akimng'ang'ania mama, msimchape wala msimcheke. Kwa kawaida hupungua ndani ya wiki chache. Ikipita mwezi hali ni ile ile, muoneni afisa ustawi wa jamii, au pigeni 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Kuhusu kikao, mtoto asiwepo. Tafadhali sana. Wakubwa wakigombana mbele yake ataamini ugomvi umetokana na yeye kupotea. Na wakipatana kwa sababu yake, atajiona ndiye mwenye kazi ya kuwashikilia wasiachane tena. Miaka 7 ni midogo kwa mzigo huo. Ampeni anachokiomba, kwa baba mkubwa aende, lakini siku nyingine. Mara ya kwanza iwe mchana, kwa muda wa saa mbili au tatu tu, mzazi mmoja akiwepo. Na asitumwe "kamwambie baba yako".

Karani_wa_Mirathi
Naongeza upande wa mahakama maana ugomvi wenyewe uko huko. Msimamizi wa mirathi si mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Kwa Mahakama ya Mwanzo, ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa anatakiwa kupeleka Fomu Namba 5, yaani orodha ya mali na madeni, kisha Fomu Namba 6 inayoonyesha alivyogawa. Wasimamizi wengi wanachukua barua ya uteuzi na kuishia hapo. Si lazima iwe wizi, wengine hawajaelezwa. Lakini mdogo mtu akikaa miaka 2 bila kuona karatasi, anajijazia mwenyewe majibu.

Kwa hiyo kabla ya Jumapili tafuteni namba ya shauri la mirathi, muandike barua mahakamani kuomba kuona jalada. Mkikuta fomu hazimo, kaka anaweza kuomba mahakama imwongezee muda. Njia ya kuomba uteuzi wake utenguliwe ipo, ila msiitaje kwenye kikao cha kwanza. Mkishaitaja, mtu anakuja na wakili badala ya daftari.

Na wewe Shangazi ni mrithi, pamoja na mama yako mjane. Usikae kama mgeni wa kupatanisha wanaume wawili, na kwa sababu hiyo hiyo usiongoze kikao.

Zabibu_Makutupora
Ekari 3 za zabibu si kitu cha kuulizana "hela ziko wapi" kwa mdomo. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo miaka 2 ni misimu minne ya kufanyiwa hesabu. Kaka aandike kila msimu kwenye ukurasa wake: tarehe, kilo, bei kwa kilo, nani alinunua. Chini yake gharama: kupogoa, palizi, samadi, maji, vibarua, salfa ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe). Mkigawa mapato bila kutoa gharama, anayelima anaumia na ndiyo mwanzo wa ugomvi wa pili. Na jasho lake lihesabiwe kama ujira wa kibarua, kwa kiwango mnachokubaliana.

Ukikuta kilo zimeshuka msimu mmoja, usikimbilie kusema kaficha. Ubwiriunga ukiingia wakati wa maua, au mvua ikipiga zabibu zimeiva, mavuno yanaanguka kweli. Muulize mnunuzi wake au jirani wa shamba.

Mzee_wa_Kikuyu
Wanangu, Jumapili hii ni mapema mno. Kaka apewe wiki mbili aandae daftari.

Mwiteni baba mdogo au mjomba asiye na fungu katika mali, yeye ndiye akalie kiti. Watu wasizidi saba. Saa nne asubuhi, nyumbani kwa mama, kabla ya chakula, na pombe isiwepo kabisa. Ajenda moja tu: hesabu za shamba. Nani hakuja kwenye arobaini, nani alimtukana mke wa nani, hayo yana siku yake. Mkiyachanganya, saa ya kwanza tu mtu anatoka na kuubamiza mlango. Mmoja aandike muhtasari, wote wasaini, nakala ibaki kwa mama.

Shangazi_Nzuguni
Nawashukuru sana. Swali moja: kaka akisema daftari hana?

Karani_wa_Mirathi
Basi mnalijenga upya pamoja, msimu kwa msimu, kuanzia wa karibuni kurudi nyuma. Miamala ya simu inasaidia, aombe taarifa kwa mtandao anaotumia. Mkikubaliana kiasi, muhtasari uliosainiwa unaambatana na Fomu 6, mnakwenda mahakamani wote. Mgawo wa shamba lenyewe muupimie ardhini, mpaka uonekane, mwenyekiti wa mtaa akishuhudia.

Ustawi_Mstaafu
Na mfundisheni kijana namba mbili za simu kwa kichwa, ya mama na ya baba, pamoja na jina la mtaa. Aimbe kila jioni mpaka azitaje bila kukwama. Ya baba mkubwa iwe ya tatu, kama baba yake ameridhia.

Shangazi_Nzuguni
Nimempigia baba mdogo, kakubali kukalia kiti. Mama kasogeza kikao wiki mbili mbele. Kijana atakwenda Hombolo Jumamosi na baba yake, saa tano hadi saa nane. Nitaleta mrejesho.