Wiki moja na mashua ya tanga Uholanzi: Friesland, IJsselmeer au Vecht?

Mkazi_Tilburg: Habari za humu wakuu. Tunataka kukodi mashua ya tanga wiki nzima, tutembee polepole kwenye mifereji na zile geti za maji zinazopandisha na kushusha boti, hatuna haraka. Nimekwama kati ya maziwa ya Friesland, kuzunguka ziwa kubwa la IJsselmeer (Medemblik, Enkhuizen, Stavoren) na mto Vecht na Loosdrecht. Advansi inatakiwa Ijumaa. Ipi bora?

KapteniShela: Umeuliza nusu swali. Mko wangapi, mwezi gani, nani ashawahi kushika usukani, watoto wapo? Bila hayo tutabahatisha tu.

MamaRidhwan: Friesland tu, usijisumbue na kwingine. Kuna sehemu za kufunga mashua za Marrekrite (wale wanaosimamia maegesho ya mashua huko), bure mpaka siku tatu, mnalala katikati ya nyasi na ng'ombe wanawachungulia dirishani. Sneekermeer, Heegermeer, Slotermeer yote yameunganishwa. Na kuna mahali unapita na mashua juu ya barabara, magari yako chini yako kwenye handaki, wanangu walipiga kelele mpaka basi.

KapteniShela: Maziwa ni ya kuogelea bata hayo. Anayetaka tanga aende IJsselmeer.

Otis_Rotterdam: Buda usimdanganye mtu. IJsselmeer ilikuwa bahari, wakaifunga 1932 kwa tuta la Afsluitdijk, na kwa vile ni ya kina kifupi upepo ukichachamaa mawimbi yanakuja mafupi mafupi na makali, yanakupiga kabla hujapumua. Mtu na familia yake wa nini huko?

Mkazi_Tilburg: Tuko watano, watoto wawili. Mimi nimepanda boti ya Zanzibar tu, kama abiria 😅 Leseni inahitajika?

Otis_Rotterdam: Chini ya mita 15 na isiyozidi kilomita 20 kwa saa, haihitajiki. Ndiyo maana majini kuna vituko.

BintiPemba: Kuhusu vituko ngoja niwasimulie. Tulikodi boti huko Limburg kwenye mto Maas, jamaa wa kukodisha akatuonyesha jiko, choo na jinsi ya kuwasha injini, dakika kumi akaondoka, geti za maji hakuzitaja kabisa. Tukaingia kwenye geti ya kwanza, shemeji akaifunga kamba kwenye chuma cha ukutani, fundo la kufungia mbuzi, akakaa zake anakunywa chai. Maji yakaanza kushuka. Boti ikashuka upande mmoja, ule wa kamba ukabaki juu, sufuria la pilau likateleza lote, dafrao zinalia ukutani, mama mkwe anasoma dua kwa sauti. Fundo halifunguki maana lina uzito wa boti nzima. Dada mmoja wa boti ya nyuma akarusha kisu, shemeji akakata, tukadondoka PAA. Kamba huzungushwa tu na unaishika mkononi, unaiachia taratibu maji yakishuka. Lile jamaa likatukata hela ya kamba!

MamaRidhwan: Pole 😂 Lakini Limburg ni kwingine, geti ya Maasbracht peke yake inashusha maji karibu mita 12. Friesland tofauti ya maji ni ndogo mno.

KapteniShela: Kwani aliyefunga alikuwa wa bara?

BintiPemba: Wa Mkoani, baba yake mvuvi. Usianze.

Otis_Rotterdam: Kwenye Prinses Margrietkanaal, ule mfereji mkubwa wa Friesland, muangalie matishari, yale hayasimami. Na taa nyekundu ikiwa na kijani pamoja, ujue geti inaandaliwa, bado hujaruhusiwa.

KapteniShela: Kodi zile za kitako bapa, tjalk, mashua za zamani za Kiholanzi, zina mbao mbili za pembeni, unashusha ile ya upande usio na upepo wakati wa kubisha. Kwenye maji machache si rahisi kukwama.

MamaRidhwan: Mtu hajawahi kushika usukani unampa tjalk?? Ukifika Lemmer kaone ile pampu ya mvuke ya 1920, bado inafanya kazi maji yakizidi. Na sarafu za daraja uwe nazo, sehemu nyingine mlinzi anashusha kiatu cha mbao kwa kamba ya ndoano uweke hela humo.

Otis_Rotterdam: Siku hizi wengi wanataka kadi.

MamaRidhwan: Workum walichukua sarafu.

Mkazi_Tilburg: Nashukuru. Mwezi ni Agosti. Mke wangu amesoma hii ya BintiPemba sasa anauliza bei ya nyumba ya kupanga kando ya ziwa. Sneek unga wa sembe unapatikana?

BintiPemba: Beba wa kwako. Na kisu pia.