Fundi wa viti vya boti hapa Lamu, mimi na wewe basi!

Kolekole_wa_Shela:
Wanabahari, leo sina hata salamu. Nimetoka kwake sasa hivi, mkono bado wanitetemeka, naandika nisije nikarudi nikamkaba. Mnamjua. Jina silitaji, maana hakuna mwenye chombo kuanzia Shela hadi Mokowe ambaye hajalizwa na mtu huyu. Yule wa "kesho asubuhi, inshallah".

Mtu ameniambia makalio yangu ndiyo yenye kosa. Makalio yangu! Mbele ya wateja, mbele ya mwanangu wa miaka 12!

Boti yangu ni ya faiba, futi 19. Ilikuwa na benchi ya bambakofi niliyoachiwa na marehemu baba. Benchi ile imekaliwa na wajomba sita kwa mpigo, imebeba magunia ya barafu na mbuzi wa Idi, haijawahi kulia hata kwi. Nikashauriwa niweke viti vya kisasa, vya kuzunguka, vya mguu wa aluminiamu, mgongo upate pa kuegemea nikishinda na mshipi. Viti viwili nilinunua mwenyewe Mombasa. Yeye kazi yake kufunga tu, na kwa kufunga tu nikamlipa shilingi 14,000.

Jana niko nje ya mlango wa Shela, kusi limeanza kuinua mawimbi, samaki kolekole akala chambo. Nikakaza miguu, nikajitupa nyuma kumvuta, kiti kikang'oka. Chote, na mguu wake na sahani yake ya chini. Nikaenda chali, kiti kimenilalia kifuani, mshipi umekatika, na boti la akina mama watokao arusini linapita papo hapo. Wakapiga vigelegele! Wallahi vimesikika mpaka Kiunga.

Leo nikampelekea kiti pamoja na skrubu zake. Nne. Skrubu za mbao, zile za kufungia bawaba za kabati, kazizamisha kwenye plaiwudi iliyooza, ukiiminya yatoka maji. Hakuna bolti, hakuna washa, hakuna nati, hakuna tone la gundi ya kuzuia maji. Mwezi haujaisha, zimeshakuwa nyekundu kwa kutu. Nikamuuliza: fundi, hii ndiyo kazi ya baharini? Akanitazama toka utosini hadi unyayoni, akasema: "Skrubu hazina kosa, kosa ni makalio yako."

Kosa ni makalio yangu! Basi abiria wote wa Lamu wapimwe makalio gatini kabla ya kupanda? Na kiti cha pili hukaliwa na mwanangu. Mwanangu, jamani.

PwezaWaManda:
Huyo yuwajulikana! Mimi alinifungia kiti cha nahodha. Nikikata kona kuingia gatini, boti yaenda Lamu, kiti chaenda Manda. Kumrudia, ati "si ulitaka cha kuzunguka?"

Mtoto_wa_Langoni:
Pole kaka. Swali moja tu: kilo ngapi?

Kolekole_wa_Shela:
Kilo 94, na benchi ya baba ilinibeba miaka 11. Makalio si mada hapa.

Mtoto_wa_Langoni:
Kaka, mada umeileta wewe. Hebu hesabu umeyataja mara ngapi.

MzeeKalafati:
Acheni utoto. Ukikaa wima, uzito washuka chini, hapo hata msumari wastahimili. Ukiegemea nyuma au boti ikipiga wimbi, mguu wa kiti wageuka mtaimbo, wang'oa skrubu za mbele kwanza, kisha za nyuma zafuata. Kwa hiyo bolti ipenye sakafu mpaka upande wa pili, na huko chini kuwe na sahani au ubao mgumu mpana wa kugawa nguvu, washa kubwa, na nati yenye pete ya plastiki ndani isiyolegea kwa mtikisiko. Mkono haufiki chini? Kata kidirisha, kitie kifuniko. Tundu lenyewe litoboe kubwa kuliko bolti, lijaze gundi ya epoksi, ikikauka toboa tena katikati yake, maji yasiguse ubao kamwe. Bolti ziwe za stenlesi namba 316, na pale zinapokutana na aluminiamu tia kitu cha kutenganisha, maana vikilowa maji ya chumvi aluminiamu hulika. Plaiwudi iliyooza haifungwi kitu, hukatwa ikatupwa.
Na wewe Kolekole, ulimlipa kabla hujainama kutazama chini ya sakafu?

Kolekole_wa_Shela:
Shikamoo mzee wangu. Nilimwamini, aliniapia. Angekiri kosa kwa adabu ningempa kazi tena. Lakini makalio, mzee?

NahodhaMalindi:
Wewe ushukuru, kimeng'oka kiti tu. Huku Malindi fundi kanitobolea sakafu bila kuuliza chini kuna nini, drili ikaingia kwenye tangi la petroli. Tangi limejaa! Cheche moja tu na vipande vyetu vingeokotwa Watamu.

PwezaWaManda:
Hao wa drili bado. Fundi wangu wa mashine alichukua pesa za plagi mpya, akanisugulia zile zile kuukuu kwa msasa. Kwenye mlango wa Mkanda maji yametoka, mashine imezima, tukangoja maji yajae mpaka usiku tukiliwa na mbu.

Mtoto_wa_Langoni:
Mpaka usiku tena? Sema mlikuwa mmelala.

BintiNguru:
Nyote mna raha. Tatizo kubwa pwani hii ni barafu. Natoka gatini saa 11 alfajiri na sanduku limejaa, nikifika Manda Toto nina maji ya kunywa tu. Barafu gani hiyo isiyoona jua?

NahodhaMalindi:
Barafu ya huko mwauziwa ya mapande au ya kusagwa? Ya kusagwa wanaichanganya na maji, uzito uongezeke.

BintiNguru:
Ya mapande. Ndani nyeupe kama maziwa, ukiigonga yavunjika yenyewe.

Kolekole_wa_Shela:
Ya yule wa karibu na gati? Kumbe si mimi peke yangu! Ijumaa nilitupa samaki changu kilo 8 kwa ajili yake, wameharibika wote. Nikamfuata. Hebu ngoja niwaambie alivyonijibu.