Tupeane uzoefu: timu yako ya mchangani ilianza mwaka gani, na nani ana ushahidi?

Wakuu, heshima kwenu. Wazee wa Nyanda za Juu Kusini, shikamooni.

Nimepewa kazi niliyodhani ni ya jioni moja, sasa mwezi unakatika. Timu yetu ya mtaa hapa Mbeya, upande wa Mabatini ukishukia Mwanjelwa (jina silitaji, kuna sehemu bado tunadaiwa), inataka kusajiliwa. Miaka yote tumecheza kienyeji: Jumapili jioni, kiwanja cha shule ya msingi, mshindi anaondoka na mbuzi. Sasa vijana wanataka ligi ya wilaya, na huko huingii mpaka klabu ijulikane kwa Baraza la Michezo la Taifa, lile lililoundwa kwa Sheria Na. 12 ya 1967. Katiba tumeandika, orodha ya wanachama ipo, viongozi tumewachagua bila ngumi. Tumekwama ibara ya kwanza: "Klabu hii ilianzishwa mwaka", halafu nukta nukta.

Nimewauliza waasisi watatu. Wa kwanza alikuwa kipa. Anasema ni mwaka uleule Tukuyu Stars walipochukua ubingwa wa Bara, yaani 1986. Wa pili anasema mwaka huo kipa mwenyewe alikuwa anachunga ng'ombe Umalila, timu ilianza baada ya mvua za El Nino, 1998. Wa tatu alikuwa mweka hazina. Huyu habishi. Anasema yote yaliandikwa kwenye kaunta buku: tarehe, waliochanga, mpaka namba ya jezi ya kila mtu. Kaunta buku lilikuwa wapi? Kibandani kwake, soko la Mwanjelwa. Na soko la Mwanjelwa liliungua 2006.

Moto ule ulimaliza mitaji ya watu, kwa hiyo kumdai mtu daftari naona aibu. Ila ziliungua pia jezi zetu za rangi ya chungwa, za mikono mirefu, ambazo namba zilichorwa kwa brashi na rangi ya mafuta. Rangi ile ikikauka inakuwa ngumu kama gamba na inakwaruza mgongo. Mimi nilirithi namba 4 nikiwa kidato cha pili. Ukimaliza dakika 90 unarudi nyumbani na nne yako mgongoni, nyekundu, kama umechapwa. Mama aliiona siku moja nikioga, akataka kwenda shuleni kumuuliza mwalimu.

Basi tupeane uzoefu. Timu yako ya Jumapili ilianzaje, nani alileta mpira wa kwanza, na mwaka mnaujuaje?

Mdau wa Tukuyu

Ugonile mkuu. Huyo kipa wenu msimwamini haraka. Huku Rungwe kila jambo lililotokea ujanani lilitokea 1986. Mtu kaoa 1986, kanunua redio 1986, kang'atwa na mbwa 1986. Ubingwa ule ulitutia wazimu: timu ya mji mdogo kama Tukuyu inawapita Simba na Yanga! Ukimuuliza mzee mwaka wowote, mdomo unakwenda wenyewe.

Mpira wetu wa kwanza wa ngozi tuliununua kwa ndizi. Kila mchezaji mkungu mmoja, tukauza kwa lori la kwenda Dar. Wawili walikata ndizi za baba zao bila kuomba, wakachapwa mbele ya timu nzima. Ndiyo maana tulikuwa na makapteni wawili. Hatukuona namna nyingine ya kuwafuta machozi.

Sasa mpira wa ngozi na mvua ya Tukuyu havipatani. Kipindi cha kwanza ni mpira, kipindi cha pili ni jiwe. Ukiupiga kichwa unaona nyota, wala si za Tukuyu. Jumapili usiku fundi viatu anaupaka mafuta ya ng'ombe kwenye mishono, halafu tunauning'iniza juu ya jiko, mbali kidogo na moto, wiki nzima. Ikifika Jumapili unanuka moshi kama nyama ya kukausha. Golini tulifunga nyavu kuukuu za usipa kutoka Matema. Hizo nazo zilileta paka. Kipa wetu alikuwa na kazi mbili.

Mtani wa Ilomba

Nyinyi wa jezi za chungwa ndio mliondoka na mbuzi wetu kabla filimbi ya mwisho haijapigwa? Kama ndio nyinyi, andikeni mlianza siku ile.

Mdau wa Kihesa, Iringa

Kamweneee! Yetu ilianzia kilabuni, kwenye ulanzi. Sioni sababu ya kuficha. Msimu wa mvua, ulanzi ukiwa bado mtogwa, mtamu, wanakunywa mpaka watoto; ukishakuwa mkangafu zinaanza ahadi. Siku hiyo mtu aliahidi jezi seti nzima. Kesho yake alikana, lakini sisi tulishachagua kocha.

Ninachotaka kusimulia ni mamluki. Tulikuwa na mechi na mtaa wa pili, tukaazima winga mmoja mwanachuo, mtoto ana mbio huyo, daluga zake mwenyewe. Kafunga mawili. Wapinzani wakakata rufaa palepale, wakamzunguka: "Wewe unakaa mtaa gani?" Akajibu vizuri, tulimfundisha. "Nyumba ya nani?" Akajibu. Mzee mmoja akasogea taratibu, mikono nyuma, akamuuliza: "Balozi wako nani?" Tulimaanisha kumfundisha yote, wakuu, balozi wa nyumba kumi tukamsahau. Kijana akafikiri, akasema: "Balozi wa nchi gani?"

Tulinyang'anywa ushindi mezani. Mpaka leo Kihesa mtu akikamatwa uongo anaulizwa, balozi wa nchi gani.

Mdau wa Mufindi

Mashamba ya chai. Jumapili ndiyo siku pekee mikono haina majani, kwa hiyo kila kempu ilikuwa na timu yake. Kiwanja chetu kilikuwa mteremko mtupu. Kipindi kimoja unapanda, kimoja unashuka, na ukishinda shilingi unachagua kushuka mwisho, wenzako wakiwa wamechoka. Kona ya chini mpira ukitoka unazama kwenye chai, anayeufuata anakuta wenzake wameshakaa chini wanapumzika.

Mwezi wa saba ukungu unashuka saa tisa mchana. Kuna mechi tulipiga shuti, mpira ukapotea kwenye ukungu, kimya. Hakuna neti, hakuna aliyeona. Refa akatembea mpaka golini kwa wapinzani kumuuliza kipa: "Imeingia?" Kipa alikuwa mzee wa kanisa, asubuhi yake alisimama madhabahuni akisoma somo. Aliangalia chini muda mrefu. Akasema, "Imeingia." Wenzake hawakumsemesha mpaka mavuno yaliyofuata.

Mwaka wetu tunaujua kwa milingoti. Nguzo za kwanza za goli zilikatwa kwenye shamba la mwenyekiti, na visiki vikachipua. Machipukizi yale yameshakatwa nguzo za umeme, yamechipua tena. Hesabu mwenyewe.

Mleta uzi

Wa Mufindi, visiki hatuna. Nguzo zetu tulizikuta shuleni na tuliziacha shuleni.

Mdau wa Ubaruku

Msihangaike, hata penye kamera na mtangazaji watu hawakumbuki vizuri. Novemba 2022 Ihefu waliwafunga Yanga 2-1 hapahapa kwetu, Highland Estate, wakakata ule mwendo wa mechi 49 bila kupoteza. Uwanja wetu mnaujua ulivyo mdogo. Sasa hivi ukizunguka vijiji vya mpunga, kila mtu alikuwemo uwanjani siku ile. Jirani yangu anaeleza magoli mpaka na mikono, wakati mimi najua alikuwa anafukuza ndege shambani, maana nilimwacha huko. Timu yenyewe baadaye ikahamia Singida na jina ikabadilisha. Hawa wa mchangani angalau hawahami.

Aliyewahi kukaa Uingereza

Nilisoma London, nikawa nacheza Jumapili asubuhi Hackney Marshes. Viwanja vimebanana mpaka filimbi ya jirani ikilia na wewe unasimama. Wenyeji waliniambia zamani wa Jumapili walikuwa kama watoto wa nje: chama chao cha soka hakikuwatambua mpaka 1960, kisa siku ya ibada, na kombe lao la Jumapili likaanza 1964. Nikacheka. Kwetu Soweto, Mbeya, hayo tuliyamaliza bila kikao: ibada ya kwanza, chakula, mpira saa kumi. Mwinjilisti ndiye alikuwa namba tano, na alikuwa anacheza rafu kuliko wote.

Mdau wa Makambako

Nimesoma, wengi mnazungumzia mpira. Timu yetu mpira ulishapungua, magoti hayapo. Sasa ni veterani, tunacheza dakika 20 kwa 20 halafu supu, lakini kikundi hakijafa kwa sababu tunazikana. Ilianza kipa wetu alipofiwa na mkewe. Tulikuwa na hela ya mbuzi wa fainali, tukakaa pembeni ya kiwanja, tukakubaliana mbuzi asubiri. Tukapanda treni ya TAZARA usiku kwenda Mbeya kumzika, tumevaa jezi ndani ya makoti kwa sababu ya baridi na kwa sababu nguo nyeusi wengi hatukuwa nazo. Fainali haikuchezwa tena. Wapinzani wetu wa fainali walikuja kuuliza, wakaishia kuchanga. Leo tuko kikundi kimoja nao.

Mkuu, ushauri wangu: achana na kaunta buku la mechi. Tafuta daftari la rambirambi. Watu hawatunzi matokeo, ila nani hakuchanga msibani hilo litakuwa limeandikwa, na tarehe juu.

Mleta uzi

Asante sana mkuu, na pole kwa yaliyopita. Daftari la rambirambi alikuwa nalo mweka hazina yuleyule. Kibanda kilekile.

Jana nimewakutanisha waasisi wote watatu kwa mara ya kwanza tangu nianze. Nusu saa ya kwanza walikumbatiana. Iliyofuata waligombana nani alifunga goli la kwanza, kisha kipa akasema yeye alikuwa kamati ya ufundi pia na kuna kitu alikizika nyuma ya goli la kaskazini, kama hakijaoza tunaweza kukifukua tujue umri. Nimeondoka.

Dada wa chapati

Mdogo wangu, nimesoma tangu juu nacheka peke yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nauza chai kona ya shule, wewe ukiwa hujaanza hata darasa la kwanza. Mama yako ananijua.

Hao wazee wako hawasemi uongo, wamesahau tu walikuwa nani. Walikuwa vijana wa kupakua malori ya viazi. Jumapili hakuna lori, wanakuja kukaa kwenye benchi langu tangu asubuhi, chai moja masaa matatu, wateja wanakosa pa kukaa. Siku hiyo nikachoka. Nikachukua soksi ndefu ya baba mkwe, nikaijaza vipande vya kitenge, katikati mfuko wa nailoni uliofinyangwa, nikashona na sindano ya magunia, nikawarushia: nendeni mkachezee huko, niacheni nifanye biashara.

Walirudi jioni magoti yanavuja damu, wanacheka kama watoto. Wakala chapati 22 na chai 13. Hela hawana. Nikamwuliza huyo kipa wako, hili deni namwandika nani? Akasema, "Andika timu." Nikamwambia timu haina jina, nitamdai nani? Wakaangaliana. Wakaanza kubishana, huyu anataja simba, huyu anataja mto, mimi nimesimama na kalamu, chapati zinaungua. Jina mnalolitumia mpaka leo walilichagua pale, ili wakopeshwe.

Daftari langu halikuwa sokoni, liko kabatini. Ukurasa wa kwanza kabisa: jina la timu, tarehe, mwaka, chapati 22, chai 13. Pembeni pa "wamelipa" hapana alama.

Mleta uzi

Shikamoo dada! Mungu akubariki. Naomba tu huo mwaka, niujaze, kesho asubuhi natakiwa kwa afisa michezo.

Dada wa chapati

Marahaba. Waambie wazee waje na hela kwanza. Kwa bei ya leo.