Ramani ya kompyuta kutoka Nairobi kwa Roadster ya turbo: niitumie Mombasa?

Mwana_Kisauni

Assalaam aleikum jamaa. Nina Mazda Eunos Roadster ya 1991, injini ya 1.6, gia za mkono. Injini ni nzima: kompresheni ya silinda zote nne inakaribiana na hailambi oili. Turbo ninayo, T25 iliyotoka kwenye Nissan Silvia. Manifoldi imeshachomelewa, intakula (kipoza hewa ya turbo) ipo, injekta kubwa za kupulizia petroli zipo. Kilichobaki ni kuisawazisha kompyuta, yaani kuiwekea ramani ya kiasi cha petroli na wakati wa cheche.

Sasa rafiki yangu wa Nairobi ana Roadster kama hii na turbo hiyohiyo. Yake ilisawazishwa kulekule kwenye mashine ya kupimia nguvu na inakwenda vizuri kwa msukumo wa turbo wa ba 0.6. Yuko tayari kunipa nakala ya ramani yake. Gari hili natoka nalo Kisauni hadi Changamwe kila siku, na wikendi nikijaaliwa naenda Malindi. Niipachike tu? Na konrodi za asili, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, zitastahimili?

Kijana_wa_Likoni

Pachika ndugu. Injini ileile, turbo ileile. Tena huku pwani injini inapumua vizuri kuliko bara, hata 0.8 utaiweka.

Fundi_Makadara

Mwanangu, usiipachike. Huyu ndugu wa Likoni ameshika jambo la kweli akalitia mahali sipo. Injini inapumua zaidi pwani, naam, na hatari iko hapo hapo.

Nairobi iko juu ya bahari kwa karibu mita 1,700. Mgandamizo wa hewa kule ni kama kilopaskali 83, hapa kwetu ni 101. Geji ya turbo haiihesabu hewa hiyo ya nje, inaonyesha tu kilichozidi juu yake. Springi ya westigeti, mlango unaodhibiti msukumo wa turbo, nayo ni vivyo hivyo, kwa sababu upande wake wa pili unaegemea hewa ya nje. Ba 0.6 ni kilopaskali 60, basi ya rafiki yako ni 83 na 60, jumla 143. Yako itakuwa 161. Sindano ya geji imesimama palepale, na silinda inameza hewa zaidi kwa kiasi cha asilimia kumi.

Ramani nayo ni jedwali: mwendo wa injini upande huu, mgandamizo upande ule. Fundi wa Nairobi alisawazisha visanduku ambavyo injini ilivifikia. Juu ya 143 haikufika, kwa hiyo namba za huko juu ni za kukisia. Wewe ukikanyaga, gari lako litakuwa humohumo. Petroli ikiwa haba au cheche ikiwahi sana, injini itaanza kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda, na kwa kelele za ekzosi hutasikia kitu. Nimefungua injini ya mteja iliyoshuka na ramani ya bara. Kingo kati ya ringi za pistoni zilikuwa zimekatika, na mwenyewe anasema gari lilikuwa likivuta vizuri ajabu.

Ongeza joto. Siku za kaskazi hewa inayoingia ina nyuzi 32. Turbo ikiibana kwa ba 0.6 inatoka na nyuzi 90 na kitu, kabla ya intakula. Injini yako ina uwiano wa mbano (jinsi pistoni inavyoibana hewa) wa 9.4 kwa 1, iliundwa bila turbo. Ile ya Mazda Familia ya turbo ya 1.6 ilikuwa chini ya 8. Huna nafasi kubwa ya kukosea.

Anza na springi ya westigeti ya ba 0.4. Tia geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli, hiyo usiiache kwa ajili ya pesa. Turbo ikisukuma, usipite sehemu 11.5 za hewa kwa moja ya petroli. Plagi za NGK panda namba moja, yaani 7 badala ya 6, na uwazi wa milimita 0.7. Cheche irudishe nyuma, kisha uipeleke mbele kidogo kidogo, na mtu akisikiliza kwa hedfoni kama injini inagonga. Kazi hiyo ifanywe hapahapa Mombasa, mchana wa jua. Usiku wa baridi utakudanganya.

Mwana_Kisauni

Ahsante sana ami, nimekuelewa. Na konrodi je?

Fundi_Makadara

Konrodi za 1.6 zinachoka kwa nguvu ya msokoto kuliko mwendo. Kinachozipinda ni kukanyaga mpaka chini kwenye gia ya nne na injini iko 2,500, turbo ikajaa ghafla. T25 ni ndogo, inaamka mapema, basi jifunze kushusha gia kwanza. Kwa ba 0.4 hadi 0.5 na ramani safi, konrodi za asili zinatosha. Ukitaka zaidi ya hapo, nunua imara zaidi za chuma kilichofuliwa kabla hujapandisha, usingoje moja itoboe bloku.

Na uangalie bomba la kurudisha oili ya turbo. Liwe pana, literemke moja kwa moja, liingie sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Likipinda kama shingo ya bata, oili inakwama, inapita kwenye sili, utatoa moshi wa buluu na kulaumu turbo isiyo na kosa.

Mama_Rejeta

Naongeza la chumvi, kaka. Intakula na rejeta zioshe kwa maji matamu, hasa ukishapaki ufukweni. Mapezi ya alumini yanalika pole pole na upoaji unapungua, wala hakuna geji itakayokuambia. Waya za ethi za injini pia, zisugue mpaka shaba ing'ae kisha upake grisi. Ethi mbovu inaifanya sensa idanganye, na ramani yote inapotea. Na foleni ya feri usisimame na injini ikinguruma bila feni mbili zinazofanya kazi.

Mwana_Kisauni

Feni ninayo moja tu. Natafuta ya pili kesho Mwembe Tayari, na springi ya 0.4. Ami, nikishafunga nitaleta gari Makadara tuisawazishe pamoja, ukinikubalia.

Fundi_Makadara

Lilete. Tangi iwe na petroli ileile utakayotumia kila siku.