Tupeane uzoefu: Mwalimu uliyewahi kurudi kuitembelea shule ya kimataifa uliyofundisha zamani, ulikuta nini?

Mleta mada

Habari zenu wadau. Nilifundisha kemia kwenye shule moja ya kimataifa kwa miaka 9, nikaondoka, na imepita miaka 16. Mwezi uliopita safari ilinipitisha tena mji ule, nikaomba kuingia. Nimerudi na mambo mengi kifuani, ndiyo maana nawaita.

Getini niliandika jina, nikaacha kitambulisho, nikavishwa beji ya MGENI na kupewa mtu wa kuniongoza. Utaratibu ni sahihi kabisa, watoto lazima walindwe. Lakini beji ile iliniuma. Milango ile nilikuwa na funguo zake.

Chumba cha walimu sikumjua hata mmoja. Ukifikiria, ilikuwa lazima iwe hivyo. Mikataba yetu mara nyingi huanza na miaka miwili, mtu anaongeza mara moja au mbili, kisha anahamia nchi nyingine. Wanafunzi nao wanafuata kazi za wazazi wao. Niliona picha za wahitimu ukutani, nikatafuta miaka yangu, nikakuta zimeondolewa kupisha mpya.

Basi tukafika maabara. Fundi wa maabara alikuwa amenipa mgongo, anasuuza bureti (mrija mrefu wa kupimia kimiminika) kwenye sinki. Nikamwambia asante yule aliyeniongoza, wala sikumsemesha fundi. Maji yakafungwa. Bila kugeuka akasema, "Mwalimu, umerudi."

Alinitambua kwa sauti, baada ya miaka 16. Nywele zake zote zimekuwa nyeupe. Akanishika mkono hadi droo ya tatu upande wa dirisha, akaivuta. Kibandiko cha pipeti, vile vijirija vya kuvutia na kupimia kimiminika, kilikuwa pale pale, mwandiko wangu: "Pipeti 24. Hesabu kabla ya kufunga." Wino umefifia ukawa wa kahawia, na juu yake amebandika utepe wa plastiki, tabaka mbili, kingo za ule wa chini zimeshaanza kuwa njano. Kila utepe ulipochoka aliongeza mwingine. Nilishindwa kujizuia, nililia mbele ya yule kijana aliyekuwa ananiongoza.

Nauliza: ninyi mlikuta nini? Na nani aliwakumbuka?

Mdau wa 1

Mwalimu, umenigusa. Mimi nilikuta insha.

Wanaofundisha IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa) wanajua ile insha ndefu ya Diploma yake ya kumaliza sekondari, maneno hadi 4,000, mwanafunzi anafanya utafiti mwenyewe na mwalimu anamsimamia. Nilikuwa na binti mmoja aliyetaka kuacha karibu kila wiki. Nyumbani kwao palikuwa na matatizo, alama zinashuka. Alimaliza na pointi 24 kati ya 45, na chini ya 24 diploma hupati. Miaka yote nimejihesabia kwamba nilimvusha.

Niliporudi, mkutubi (yule yule wa zamani!) akanionyesha rafu ambapo shule huweka nakala za insha kama mifano kwa wadogo. Nikaitoa ya binti yule. Ndani ya jalada aliandika kwa kalamu: "Kwa mama wa usafi wa ghorofa ya pili, aliyekuwa ananiachia taa."

Sikujua. Kumbe alikuwa anabaki pale jioni hadi usiku, na mtu pekee aliyejua alikuwa yule mama. Nilimuulizia, nikaambiwa alishastaafu. Jina lake la pili hakuna aliyelijua isipokuwa mkutubi.

Mdau wa 2

Mimi sitarudi tena. Nilienda bila kuandika barua wala kupiga simu, siku ya mitihani ya Mei, nikaachwa mapokezi karibu saa nzima. Kosa langu. Anayetaka kwenda aandike mapema, ataje miaka aliyofundisha, akwepe Mei na wiki za mwisho wa muhula. Na picha za wanafunzi usipige.

Mdau wa 3

Naomba nichangie japo si mwalimu. Nilikuwa mwanafunzi, shule nne katika nchi nne. Mwanasosholojia wa Marekani, Ruth Hill Useem, ndiye aliyetupa jina miaka ya 1950: watoto wa utamaduni wa tatu. Si wa kwa wazazi, si wa pale tunapoishi, ni wa katikati.

Shule hizi tangu mwanzo zilijengewa watu wapitao. Ile ya Geneva ya mwaka 1924 ilianzishwa kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa (lililotangulia Umoja wa Mataifa) na Shirika la Kazi Duniani. Diploma ya IB nayo ilipoanza hapo Geneva mwaka 1968, shabaha kubwa ilikuwa mtoto aweze kuhama nchi na bado chuo kikuu kimpokee. Ni mpango mzuri, umenisomesha. Ila mpango huo unatushughulikia sisi tunaoondoka. Wanaobaki hakuna aliyewapangia.

Nami nilirudi mara moja. Walimu wangu wote walikuwa wametawanyika. Mlinzi wa geti la nyuma akaniita kwa jina la utani nililopewa darasa la tano, ambalo hata ndugu zangu wamelisahau. Nilikaa naye kwenye benchi lake hadi zamu yake ikaisha.

Mleta mada, ulichukua namba ya huyo fundi?

Mleta mada

Nilichukua, mdau. Ahsanteni wote, nimesoma kila neno.

Anastaafu mwisho wa muhula huu baada ya miaka 27. Nilimuuliza wanamuagaje, akasema ataacha funguo ofisini na kuonyesha mtu mpya mahali vitu vilipo. Tangu juzi nimeanza kuwatafuta wanafunzi wangu wa zamani, mmoja anamtafuta mwingine, ili kila mtu amwandikie fundi barua ya mkono. Hadi leo asubuhi nimepokea 11. Mmoja ni daktari sasa, ameandika kwamba aliyemfundisha kushika pipeti bila kutetemeka si mimi, ni fundi huyo.

Mdau wa 1, muulize mkutubi jina kamili la yule mama. Nitakusaidia kumtafuta.